Makampuni mnaoshuka Malindi kwa semina, acheni kutugeuza wabeba stendi

Assalam aleikum, na wengine wote habari za saizi. Uzi huu ni mrefu na naandika nikiwa na hasira, asiyetaka kusoma apite, lakini kama wewe ndiye unayepanga semina za wafanyakazi huku pwani tafadhali kaa usome mpaka mwisho, maana haya mambo nimeyameza sana na sasa basi.

Mimi ni mpiga picha hapa Malindi. Kazi yangu kubwa ni hafla za makampuni, mikutano, dina za kutoa tuzo, timu bildingi za ufuoni, hizo ndizo zinazonilipia nyumba na karo. Na msimu wenyewe mwaujua, mwisho wa mwaka ukikaribia makampuni yanashuka kwa wingi, wengine kwa ndege moja kwa moja, wengine kwa treni ya SGR mpaka stesheni ya Miritini, Mombasa, halafu basi, kilomita mia na ushee hadi huku, hoteli za Malindi na Watamu zajaa. Ungedhani sisi tunaoishi hapa ndio wa kwanza kuitwa. Wapi! Kampuni inakuja na mpiga picha wake kutoka Nairobi, inamlipia tiketi, chumba, chakula na posho, halafu wakishafika wakaona kazi ni nyingi ndio wanachukua namba yangu kwa mtu wa hoteli, "boss, twahitaji mtu wa kusaidia". Kusaidia maana yake kubeba stendi za taa na kushika reflekta, kile kibao cha kurudisha mwanga. Mtu mwenye kamera zake, lenzi zake na kazi zake za kuonyesha.

Hii ya majuzi ndiyo imenitibua nyongo. Kampuni siitaji, hoteli siitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Nimefika asubuhi nikapewa programu iliyochapishwa vizuri na nembo yao juu, nasoma naona saa kumi na moja na nusu jioni, picha ya pamoja ufuoni, jua likizama baharini. Nikasoma tena. Jamani, jua likizama baharini, Malindi! Bahari yetu iko mashariki. Jua latoka baharini alfajiri, jioni lazama nyuma ya mji, upande wa bara, hilo hata mtoto wa chekechea wa hapa analijua. Nikamfuata dada anayesimamia hafla, nikamwambia kwa heshima kabisa, dada yangu hiyo picha haiwezekani, mkitaka jua na bahari pamoja lazima muamke alfajiri. Na nikamwambia jambo la pili, leo ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, na siku za bamvua huku maji hujaa jioni, hiyo saa mliyoandika maji yatakuwa yamefika ukutani kwa hoteli hamtapata mchanga wa kusimama watu wote hao, afadhali ipigwe bustanini. Akaniambia programu imeshapitishwa na mkubwa wao haibadilishwi. Nikamwendea mpiga picha wao nikidhani huyu ni wa fani atanielewa, akacheka, akasema "usijali braza, wewe shika reflekta".

Basi ikafika saa kumi na moja na nusu. Watu wametolewa ukumbini na fulana zao mpya, wanashuka ngazi wanakuta mchanga uliobaki ni utepe mwembamba tu. Wakapangwa hivyo hivyo, safu za mbele viatu mkononi, wimbi la kwanza likalowesha suruali za wakuu wa idara, la pili likaangusha mabango mawili ya kampuni yakaanza kuelea, na sisi wabeba stendi ndio tukakimbilia kuyatoa. Na mwanga? Saa hiyo jua liko nyuma ya hoteli na minazi, kivuli kimelala ufuo mzima, nyuso za watu zimepoa hazina uhai, na nyuma yao bahari na mbingu rangi ya majivu. Yule bwana akapiga akapiga, anaangalia kioo cha kamera, anapiga tena.

Sasa sikilizeni alichofanya. Baada ya wiki mbili hivi nikaona ile picha kwenye ukurasa wa kampuni. Amepachika jua kwa kompyuta! Jua kubwa la rangi ya machungwa linazama Bahari ya Hindi, na watu wote mbele hawana hata kivuli. Na kampuni imeiweka kwa fahari, watu wanaandika hongera. Mimi niliiangalia nikatetemeka, wallahi, kwa sababu mtu aliyelipiwa ndege aje apige Malindi amewaletea picha ya mahali pasipokuwepo, na mimi niliyewaambia ukweli bure asubuhi ile nikaonekana msumbufu.

Hiyo ni moja. Usiku dina ilikuwa kwenye banda la makuti, lile kubwa refu. Huyu bwana amezoea kumbi za Nairobi zenye dari nyeupe, unaelekeza flashi juu mwanga unagonga dari unarudi laini kwa watu. Makuti hayarudishi mwanga. Makuti yanaumeza, na kidogo kinachorudi kinarudi na rangi ya kahawia, watu wanakuwa kama wana homa ya manjano. Tena ametoa kamera kwenye chumba cha AC dakika ile ile hafla inaanza, akaingia nayo kwenye joto letu hili la unyevu, lenzi ikajaa ukungu, anafuta kwa fulana ukungu unarudi, na kule mbele tuzo ya kwanza inatolewa kwa mama mmoja aliyekuwa anastaafu. Mfanyakazi wa miaka mingi, amevaa kitenge chake kizuri, watoto wake wamekuja kutoka Mombasa kumwona. Mimi begi langu nalitoa nje mapema, nusu saa kabla au zaidi, lizoee hewa, na flashi zangu nilikuwa nimeshazifunga kwenye nguzo pembeni tangu magharibi bila kuagizwa na mtu. Zile picha za yule mama akipokea tuzo akilia ni zangu. Zote. Wao hawana hata moja inayoonekana.

Na alfajiri ya siku ya mwisho mkubwa wao mwenyewe alikuwa anatembea ufuoni, maji yalikuwa yameanza kupwa, mimi nilikuwa niko na kamera kwa sababu hiyo ndiyo saa ya Malindi, tukasalimiana akaniambia nipige. Nikampiga jua likitoka, uso una mwanga mzuri wa pembeni, nyuma mashua za wavuvi zinarudi. Picha hiyo leo ndiyo iko kwenye ukurasa wake wa kikazi, na chini yake limeandikwa jina la yule bwana wa Nairobi. Jina langu halipo popote. Nilipouliza nikaambiwa wewe ulikuwa msaidizi, kazi yote ni ya kampuni.

Hebu tuelewane hapo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 naijua, kazi ya kuagizwa haki inaenda kwa aliyeagiza kama hamkuandikiana vingine, sawa, sibishani na hilo, picha wachukue watumie. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na hakuna mahali imesema uandike jina la mtu mwingine. Huo ni wizi. Na kwangu mimi jina ndiyo kazi inayofuata, kampuni nyingine ikiona ile picha itamtafuta nani? Itamtafuta yeye, atapanda ndege tena, na mimi ntaitwa nishike reflekta.

Malipo ndiyo hata sitaki kuanza. Yeye alipewa nusu kabla ya kutoka Nairobi. Mimi nikaambiwa nilete invoisi halafu siku 90. Siku 90 kwa mtu aliyelipa tuktuk kubeba vifaa na kununua betri kwa hela yake! Nikiuliza kwa nini wananiambia watu wa hapa hamna makaratasi. Makaratasi gani? PIN ya KRA, watu wa kodi, ninayo, invoisi ya eTIMS, ule mfumo wao wa invoisi za kielektroniki, natoa, tangu Januari 2024 tunajua bila hiyo kampuni haiwezi kuhesabu gharama yake kwa kodi kwa hivyo tulijisajili, mwenye simu ya kawaida anapiga *222# anaitoa hapo hapo. Halafu hata wakilipa wanakata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, nangoja cheti kwenye iTax, mtandao wa KRA, sikioni. Mwaka ukiisha KRA ikiniuliza niseme nini?

Na msidhani ni Malindi tu. Nina rafiki yangu Nanyuki ambaye analia kilio hiki hiki na hoteli za mlimani. Makampuni yanaenda kule kwa sababu ya Mlima Kenya, wanataka mlima uonekane nyuma ya wafanyakazi, na wanakuja na mpiga picha wao anayewaacha watu wanywe chai taratibu, wapange picha saa sita mchana. Saa sita mlima umeshafunikwa na mawingu zamani! Mlima ule unauona alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, kila mtu wa pale anajua. Wakirudi Nairobi wana picha ya ukungu na kichaka, wanasema hali ya hewa ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya, hamkuuliza wenyeji.

Sawa na huku, mvua zikinyesha bara Mto Sabaki unashusha tope bahari yetu inakuwa ya kahawia, mtu wa hapa atakwambia siku hiyo usipige ufuo wa mjini, shuka Watamu. Akija mgeni na programu yake ya miezi mitatu nyuma atapiga tope, na halafu akwambie Malindi si pazuri. Hilo linaniuma kuliko hata hela, mji wangu kusingiziwa ubaya na mtu ambaye hakuuliza.

Kuna jambo jingine wengi hawalisemi. Hawa wageni wanatoka na kamera zao mpaka sokoni na mji wa kale, wanapiga kina mama waliovaa mabuibui bila hata salamu, eti wanatafuta picha za kuonyesha mazingira. Wao kesho wako kwa ndege. Sisi tunaobaki ndio tunaosimamishwa njiani na wazee, "nyinyi wapiga picha mwatupiga mwatupeleka wapi?" Niko na majirani zangu hawanisalimii vizuri kwa kosa la mtu nisiyemjua jina la pili.

Najua kuna atakayekuja hapa kusema wapiga picha wa pwani ni wavivu, mmoja alichukua dipoziti yake akazima simu. Wapo, na mimi pia wananiharibia soko, wataje kwa hoteli wasiitwe tena. Lakini wa Nairobi aliyepachika jua baharini mbona hamjasema wote ni waongo?

Ninachotaka ni hiki. Unapopanga semina huku, piga simu kwa mpiga picha wa hapa kabla programu haijachapishwa, muulize jua, muulize maji, muonyeshe ukumbi, ukimwambia tarehe tu atakujibu kama ni bamvua au maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, na atakupangia saa. Nusu ya malipo kabla, nusu picha zikifika, kama mnavyofanya kwa yule wa Nairobi. Ukimlipa mtu wa hapa ile hela ya ndege na chumba peke yake, kazi utapata mara mbili. Na ukitumia picha andika jina la aliyeipiga.

NYONGEZA: naona mmoja ameuliza kama nimelipwa. Bado. Leo nimepiga simu, mtu wa hesabu akaniambia faili iko kwa yule dada wa hafla, yule dada akaniambia iko kwa mtu wa hesabu. Ile picha ya alfajiri bado ina jina la mwenzangu, nimewaandikia barua pepe ya pili nikaambatanisha faili halisi kutoka kwa kamera yangu, tarehe na saa zinaonekana.

Na anayetaka majina ya wapiga picha wazuri wa hapa Malindi, wa Watamu, Mambrui mpaka Lamu, aniandikie inbox ntampa, si lazima anichukue mimi.