Uuguzi, maabara au upigaji picha za mionzi: mzazi mwenye ajira achague ipi?

Karani wa Bohari

Salaam ndugu zangu. Nimefanya kazi ya ukarani wa bohari kwa muda mrefu, na sasa nimeamua kuhamia kada ya afya. Maombi ya vyuo yanafungwa mwishoni mwa mwezi huu, na fomu inaruhusu kuchagua kozi moja tu. Nimebaki na tatu: uuguzi, maabara ya tiba, na upigaji picha za mionzi, zote kwa ngazi ya stashahada. Nina watoto, na kazi niliyo nayo siwezi kuiacha kabla sijapata nyingine, kwa hiyo natafuta kozi ambayo mzazi anaweza kuisoma huku akiendelea na ajira. Kwa mliopita njia hizi, ipi inamfaa mzazi zaidi?

Nesi wa Wodi ya Watoto

Karibu sana, na hongera kwa uamuzi huo, lakini umetunyima yale hasa tunayohitaji ili tukushauri. Una watoto wangapi, na mdogo ana umri gani? Usiku hulala na nani? Ulifaulu baiolojia na kemia ulipokuwa sekondari? Mwajiri wako anaweza kukubadilishia saa za kazi? Mwenye mtoto anayenyonya na mwenye kijana wa sekondari wote ni wazazi, ila ratiba zao hazifanani hata kidogo.

Ukinilazimisha kuchagua bila majibu hayo, nitasema uuguzi, na sisemi hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Uuguzi una milango mingi kuliko kozi hizo nyingine mbili. Unaweza kuanzia wodini, baadaye ukahamia kliniki ya wajawazito, chanjo, huduma ya wagonjwa majumbani, afya shuleni au ualimu wa wauguzi, bila kurudi chuoni kuanza upya. Ajira nazo zipo: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 27.9, na bado kulikuwa na upungufu wa karibu milioni 5.9.

Hadubini

Upungufu huo ndio unaonitia wasiwasi, dada. Wauguzi wakipungua, waliopo hubeba kazi ya wasiokuwepo, na anayeumia kwanza ni mzazi, kwa kuwa zamu iliyotakiwa kuisha jioni huisha pale tu atakapotokea wa kukupokea. Huwezi kumwacha mgonjwa kitandani kwa sababu muda wa kumchukua mtoto umefika.

Mimi namshauri asome maabara. Sampuli ikishapimwa, matokeo yakahakikiwa na kutolewa, kazi hiyo imekwisha, na makabidhiano ya zamu hufanyika kwa maandishi. Kwa mtu aliyezoea bohari, kuna ndugu wa karibu wa kazi yake huku: kupokea, kuweka lebo, kusajili, kuhifadhi kwa joto sahihi, kufuatilia vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, visipitwe na muda. Makosa mengi ya vipimo hayatokei kwenye mashine, hutokea kabla sampuli haijaifikia, kwa jina kukosewa au damu kutiwa kwenye chupa isiyo yake. Mtu makini katika kumbukumbu ni hazina maabara.

Mama Mapacha

Kabla hamjaendelea kumvutia huku na kule, naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu katika kozi zote tatu linalomwangusha mzazi ni lile lile.

Nilijiunga na kozi ya uuguzi iliyotangazwa kuwa ya jioni kwa watu walioajiriwa. Chuo sikitaji. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri sana: nilitoka kazini, nikapita nyumbani kuwaona wanangu, nikaingia darasani, na siku za mapumziko nikasoma anatomia na fiziolojia wakiwa wamelala. Mwaka wa pili yakaanza mazoezi wodini, na hapo neno "jioni" likafutika. Wodi haina masomo ya jioni. Tulipangwa asubuhi, mchana na usiku kama wauguzi waajiriwa, na ratiba ilibandikwa siku chache tu kabla ya zamu kuanza. Nilipouliza ofisini kwa nini hatukuelezwa tangu mwanzo, niliambiwa kwamba kila mtu anajua uuguzi una vitendo. Mwajiri wangu alinivumilia kwa muda, kisha akaniambia nichague. Mama yangu, aliyekuwa akinilelea pacha, akaugua katika kipindi hicho hicho. Niliomba kusogeza mazoezi mbele, nikakubaliwa, lakini nilipokuwa tayari kurudi niliarifiwa kwamba mtaala umebadilika na kwamba saa nilizokwisha kufanya, zenye sahihi za wasimamizi katika daftari langu, hazingehesabiwa zote. Sasa najiandaa kuanza tena katika chuo kingine, na safari hii nimetaka kila ahadi kwa maandishi.

Kwa hiyo, ndugu Karani, usiulize kama masomo ni ya jioni. Uliza mazoezi yanaanza lini, yanafanyika wapi, zamu za usiku ni ngapi, ratiba hutolewa mapema kiasi gani, na saa zako zitahesabiwaje ukilazimika kusimama.

Picha na Kivuli

Pole sana, dada. Ulichokisema kina uzito, na saa hizo si jambo ambalo chuo kinaweza kulisamehe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria inataka mafunzo ya muuguzi wa jumla yasipungue miaka 3 na saa 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za vitendo. Mabaraza ya kitaaluma ya nchi nyingine nayo yana viwango vyao. Chuo kitakachokuahidi uuguzi wote kwa njia ya masafa, bila kukanyaga wodini, kikimbie.

Hata hivyo nashangaa hakuna aliyetetea upigaji picha za mionzi. Idara nyingi zina ratiba inayotabirika, kwa sababu sehemu kubwa ya wagonjwa huja kwa miadi mchana. Zamu za dharura zipo, ila mara nyingi si kila wiki.

Nesi wa Wodi ya Watoto

Na mionzi yenyewe je? Huyu ni mzazi, na huenda bado anatarajia kupata mtoto mwingine. Dada Karani, fikiria hilo kabla hujaandika jina lako.

Picha na Kivuli

Hofu hiyo ni ya zamani na inawanyima wengi kazi nzuri. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, na mfanyakazi anayefuata taratibu hupata kiasi kilicho chini ya hapo kwa mbali. Anasimama nyuma ya kinga, anavaa kipimo kinachosomwa kila baada ya muda, na anajua kwamba akiongeza umbali mara mbili, mionzi inayomfikia hupungua hadi robo. Mfanyakazi mjamzito anapotoa taarifa, kazi zake hupangwa upya ili mimba isipokee zaidi ya milisiverti 1 kwa muda uliobaki. Tena si kila mashine hutumia mionzi hiyo: ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio.

Karani wa Bohari

Nashukuru kwa moyo mnaouonyesha. Naomba kwanza nisahihishe jambo moja: mimi ni baba. Watoto ni wawili, mkubwa yuko shule ya msingi na mdogo bado hajaanza shule. Baiolojia na kemia nilifaulu vizuri, fizikia nilipita kwa shida. Mwajiri anaweza kunipunguzia saa, lakini hajakubali kwa maandishi. Dada Mama Mapacha, maswali yako nimeyanakili yote.

Nesi wa Wodi ya Watoto

Samahani, kaka. Basi na wewe usiogopeshwe na wanaosema uuguzi ni kazi ya wanawake. Ni kweli kwamba karibu 9 kati ya wauguzi 10 duniani ni wanawake, lakini baba anayejua kumtuliza mtoto anayeogopa sindano ana nafasi kubwa wodini kwangu.

Mzee wa Zamu

Mimi ni mwanamume, na nimeuguza hadi ndevu zikaota mvi. Milango haikuwa wazi kwetu siku zote: Chuo cha Kifalme cha Uuguzi cha Uingereza, ambacho ni chama cha wauguzi, hakikupokea wanachama wanaume hadi mwaka 1960. Leo wapo wagonjwa wa kike ambao hawataki kuogeshwa au kuwekewa mpira wa mkojo na mwanamume, na hiyo ni haki yao, nawe unabadilishana na mwenzako bila kinyongo. Wapo pia wanaume wazee wanaojisikia huru zaidi kwako.

Ninachotaka kumwonya ni usiku. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwanza mwaka 2007 na tena mwaka 2019. Simtishi, maana hospitali haiwezi kufungwa usiku, lakini mwenye watoto wadogo hana mchana wa kulala. Anatoka zamu asubuhi, mtoto anataka uji na maziwa, na usingizi wake unakatwakatwa hadi zamu nyingine inaanza.

Hadubini

Ndiyo maana nikasema maabara.

Mzee wa Zamu

Maabara ya hospitali kubwa nayo haifungwi, kaka. Anayetokwa na damu usiku wa manane anahitaji damu ya kuongezewa, na damu hiyo haitoki kabla mtu wa maabara hajahakikisha kundi na upatanifu wake.

Hadubini

Hilo nalikubali kwa hospitali kubwa. Vituo vidogo na maabara za afya ya jamii nyingi hufanya kazi mchana tu, na mtu anaweza kuzilenga hizo tangu mwanzo.

Faili Jeupe

Mbona hamjataja kumbukumbu za afya? Huyu ni karani tayari. Kuna kazi ya kutunza mafaili ya wagonjwa, kuweka alama za magonjwa kwa mfumo wa kimataifa, ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022, na kuandaa takwimu. Zamu za usiku ni chache, na sehemu kubwa ya masomo yanaweza kufanyika nyumbani.

Nesi wa Wodi ya Watoto

Ni kazi ya heshima, lakini yeye anataka kuhama bohari, na huko atakuta rafu nyingine. Tumuulize kwanza kama anataka kumgusa mgonjwa.

Faili Jeupe

Faili likikosewa mgonjwa hupewa dawa ya mtu mwingine, kwa hiyo siafiki kwamba sisi tuko mbali na mgonjwa. Namwomba aitafakari tu, kwa sababu kozi zote tatu alizozitaja zina tatizo lile alilolieleza Mama Mapacha.

Mama Mapacha

Ipo njia ya kati. Aombe kwanza kazi ya msaidizi wa wauguzi, hata kwa saa chache za mwisho wa wiki kama hospitali ya karibu naye inaruhusu. Ataona kwa macho yake mgonjwa anavyogeuzwa kitandani, zamu inavyokabidhiwa, na namna mwili wake unavyopokea usiku. Wapo waajiri wanaowasomesha wasaidizi wao. Na kozi yoyote atakayochagua, aanze mapema chanjo ya homa ya ini B, kwa sababu kwa kawaida dozi ya tatu hutolewa miezi 6 baada ya ya kwanza, na vyuo vingi haviwapeleki wanafunzi kwenye mazoezi bila hiyo.

Hadubini

Nasisitiza hilo la chanjo. Asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika asilimia 30, wakati kwa virusi vya UKIMWI ni karibu asilimia 0.3, na hapo dawa za kinga huanzwa haraka, kabla ya saa 72, kwa siku 28. Mzazi hubeba usalama wa nyumba nzima.

Karani wa Bohari

Kuhusu kumgusa mgonjwa, ndiyo, nataka. Baba yangu aliugua muda mrefu, na mimi ndiye niliyemhudumia, na katika kipindi hicho niliona kwamba naiweza kazi hiyo na kwamba ina maana kwangu. Swali linalonisumbua ni kama sijachelewa kiumri. Halafu kuna jambo ambalo nilidhani halihusiki: mke wangu hufanya kazi kiwandani kwa zamu zinazobadilika kila wiki.

Nesi wa Wodi ya Watoto

Kaka, hilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza! Zamu zenu mbili zikigongana usiku mmoja, watoto watakuwa na nani?

Mzee wa Zamu

Kuhusu umri, ondoa shaka. Cicely Saunders wa Uingereza alikuwa muuguzi, akaumia mgongo, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasoma udaktari na kuhitimu mwaka 1957 akikaribia miaka 40. Miaka 10 baadaye akafungua Hospisi ya St Christopher's, na huduma ya leo ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi yake. Ila hakuwa na watoto wadogo nyumbani, na hilo nalo lazima lisemwe.

Picha na Kivuli

Kwa hali hiyo ya mke wako narudia ushauri wangu, ingawa fizikia utalazimika kuifufua.

Karani wa Bohari

Nitapeleka maswali ya Mama Mapacha katika vyuo viwili kabla ya kujaza fomu, na nitamwomba mke wangu aulize kiwandani kama wanaweza kumwekea zamu isiyobadilika. Bado uuguzi unanivuta, lakini siwezi kusema nimeamua. Mzee, nikipangiwa usiku, ni afadhali kuzifanya zamu zote mfululizo au kuzitawanya?

Mzee wa Zamu

Mimi nilipendelea chache mfululizo, kisha mapumziko ya kutosha.

Nesi wa Wodi ya Watoto

Mimi ningezitawanya, kwa sababu baada ya usiku wa tatu mfululizo nilikuwa nahesabu dozi mara mbili mbili kwa kutojiamini. Mama Mapacha, wewe ulipokuwa mazoezini walikupangaje?