Nitamsemaje wakili wa talaka na watoto bila kutoa siri za wateja wake?

Karani Mstaafu

Wadau, salaam. Bosi wangu wa miaka 19 amefariki mwezi uliopita. Alikuwa wakili, na karibu mashauri yake yote yalikuwa ya ndani ya nyumba za watu: talaka, malezi ya watoto, matunzo, mgawanyo wa mali, mirathi za ndugu wasiosalimiana. Mimi nilikuwa karani wake. Nilipokea simu, nilichapa hati za viapo, nilikimbiza nyaraka masjala dirisha likiwa linakaribia kufungwa. Sasa familia imeniomba niseme maneno ya dakika tano kwenye shughuli ya kumkumbuka.

Kinachonikwamisha ni kwamba kila ninachotaka kusimulia ni cha mtu mwingine. Ile siku mteja alipokuja na... siwezi. Yule baba aliyekataa... siwezi pia. Nikiwatoa wateja nabaki na wasifu: alisoma wapi, aliapishwa lini, alishinda mangapi. Na hilo la mwisho angenifokea. Shauri likiwa la mtoto, hakutaka neno "tumeshinda" litamkwe ofisini. Kuna wakili kijana aliingia siku moja anashangilia, hukumu mkononi. Bosi akamwambia aisome upya kwa sauti, safari hii ajifanye ndiye mtoto. Alifika aya ya pili akanyamaza.

Nilivyonavyo visivyo na mteja ndani yake ni vidogo vidogo. Droo ya chini ya meza yake ilikuwa na penseli za rangi, kwa ajili ya watoto waliokuja na wazazi wao, na alizichonga mwenyewe kila Ijumaa jioni. Hakukubali mteja asaini makubaliano ya talaka siku ileile aliyosomewa. Alimwambia nenda ukalale nayo. Wakili wa upande wa pili akituma barua ya kejeli, alijibu kwa sentensi mbili, kisha ananiwekea mezani: "Hii inaondoka kesho." Ikifika kesho, mara nyingi ilikuwa imebaki sentensi moja.

Wala hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na kalamu imewahi kuruka ikanipita sikioni. (Aliomba radhi. Kalamu hakuiokota.)

Je, hivi vinatosha? Na kisa nikikisimulia bila majina, kuna ubaya?

Wakili wa Jioni

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu.

Upo ubaya. Siri ni ya mteja, si ya wakili, kwa hiyo wakili akifariki haifunguki. Na karani amefungwa nayo vilevile, hata akishastaafu. Kila nchi ina kanuni zake, ila msingi huo ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kuulizwa swali la upande wa pili: je, mteja akifa? Ilikuwa mwaka 1998, shauri la Swidler & Berlin. Mteja alizungumza na wakili wake, siku tisa baadaye akajiua, na mwendesha mashtaka akayataka maandishi ya mazungumzo yale. Majaji sita kwa watatu wakakataa.

Tena kwenye mashauri ya familia kuficha majina ni kama kujifunika uso kwa kiganja. Ukisema "kulikuwa na mama mmoja", mtalaka wake anaweza kuwa kakaa safu ya tatu, na anakumbuka kila neno lililosemwa chemba.

Ila hiyo ya "nenda ukalale nayo" iseme, ni yake mwenyewe. Ya barua iseme kwa nguvu zote. Nimekuwa upande wa pili wa mawakili wa namna hiyo. Barua ya sentensi moja ilininyima usingizi kuliko kurasa nane za matusi.

Mzee wa Majalada

Hotuba utaiweza. Mimi nauliza: mashauri yaliyokuwa yanaendelea yako kwa nani? Tarehe za mahakamani haziahirishwi zenyewe kwa sababu wakili kafa. Wateja wajulishwe watafute wakili mwingine, wosia halisi zilizokuwa kwenye kabati zirudi kwa wenyewe, na fedha za wateja zihesabiwe kando na za marehemu. Nimeona mjane akiachiwa ofisi yenye majalada hadi darini, hajui lipi lina kesi Jumatatu.

Mtoto wa Jalada Fulani

Mimi nilikuwa mtoto kwenye shauri la namna hiyo. Bosi wako sikumjua. Wangu alikuwa wakili niliyewekewa na mahakama. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unasema mtoto asikilizwe katika shauri linalomhusu, lakini nyumbani kwetu nilikuwa nasikia tu kwamba "mtoto anataka hivi". Yule wakili hakuniuliza nataka kukaa na nani. Aliniuliza nani anajua namba ya kiatu changu. Nilimtaja bibi, ambaye hakuwemo hata kwenye karatasi zao.

Hiki nakisimulia mimi kwa sababu ni changu. Basi wewe usiwasemee wateja. Waalike, wanaotaka watasimama.

Karani Mstaafu

Nimewasoma wote, asanteni. Mzee wa Majalada, tulia: orodha ya tarehe niliikabidhi kwa wakili mwenzake siku ya tatu, na wosia tunazirudisha kwa kusainiana. Tangazo la shughuli nimeongeza mstari mmoja, kwamba anayetaka kusema lake atapewa nafasi.

Mdogo wangu mwenye jalada, umenikumbusha kitu. Bosi naye alikuwa na swali lake kwa wazazi, kila shauri la malezi, kabla hata hajafungua daftari: "Kucha za mtoto anakata nani?" Wengi walianza kujibu haraka, halafu wakasita.

Jana nilimpigia binti yake kuuliza kama naweza kulisema hilo mbele za watu. Akacheka mpaka nikahama simu sikio. Akasema liseme, ila niongeze kwamba za kwake alikuwa anakata baba.