Naombeni ushauri: tumechanga 640,000 kwa ajili ya Gaza, tuzifikishe vipi?

BintiMakorora (Tanga)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za saa hizi. Nimebeba amana ya watu na sijui niitue wapi.

Sisi ni wanawake 22 wa kikoba kimoja hapa Tanga. Kila Jumamosi tunakutana kibarazani kwa mwenyekiti, tunanunua hisa, tunakopeshana. Tarehe 22 Agosti 2025 ilipotangazwa rasmi kwamba Jiji la Gaza na viunga vyake vimeingia kwenye baa la njaa, kesho yake tulikutana na hakuna aliyetaka kufungua daftari. Mwenzetu mmoja anayeuza vitumbua akasema hawezi tena kuziangalia zile picha usiku halafu alfajiri aamke kuumua unga wake kama hakuna kilichotokea. Akatoa 20,000 palepale. Wengine wakafuata. Kuna bibi alitoa 1,500 na akaomba radhi kuwa ni kidogo. Waislamu tumetoa, Wakristo wametoa. Wiki ya pili zikafika 640,000. Mtunza hazina ni mimi.

Nia yetu ilikuwa zimfikie mama mmoja niliyefahamiana naye Instagram tangu Februari. Yuko kwenye hema huko Deir al-Balah na watoto wanne. Tunaelewana kwa programu ya kutafsiri na Kiarabu changu cha madrasa. Ujumbe wake wa sauti una mngurumo nyuma, kama cherehani ambayo mtu kaisahau. Nikamuuliza kama ni jenereta. Akasema hapana, ni "zanana", ndivyo wanavyoziita droni, hazinyamazi usiku wala mchana. Wiki iliyopita alinitumia picha ya unga kwenye sinia, anaokota fukusi mmoja mmoja kabla ya kukanda.

Miezi yote hiyo hakuniomba kitu. Mwezi Julai ndipo akatuma kiungo cha mchango cha GoFundMe, na jina lililopo pale ni la mwanamume aliyeko Ubelgiji, anasema ni shemeji yake. Kaka yangu kaniambia nimeshaingia mkenge. Moyo wangu unakataa, lakini fedha si zangu. Nitajuaje kuwa ni mkweli? Nisipompa yeye, nizipeleke wapi? Na huku kusambaza picha kila siku, kuna mtu kunamsaidia?

Mwana_Kisauni (Mombasa)

Dada, pole kwa mzigo huo. Nakuelewa kwa sababu mwaka jana nilituma shilingi 15,000 za Kenya kwa akaunti ambayo baadaye niligundua picha zote ziliibwa kwa mtu mwingine wa Khan Younis. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa fedha, kwa sababu yule mwenye picha halisi hakupata hata senti.

Ila hilo la jina la Ubelgiji peke yake lisikutishe. GoFundMe haimlipi mtu aliyeko Gaza. Ni lazima anayefungua mchango awe kwenye nchi wanazozihudumia, Ulaya, Marekani, Kanada, Australia. Kwa hiyo karibu kila familia ya kule ina shemeji, binamu au rafiki nje anayepokea na kuwarushia. Hata PayPal haiwahudumii Wapalestina wa Gaza na Ukingo wa Magharibi, na wanalilalamikia hilo miaka mingi.

Angalia haya. Rudi nyuma kwenye akaunti yake hadi kabla ya Oktoba 2023. Mtu halisi ana harusi, ana sahani ya chakula, ana mtoto siku ya kwanza ya shule, na chini yake ndugu wamempongeza kwa Kiarabu cha nyumbani kwao. Akaunti iliyozaliwa mwaka huu si lazima iwe ya tapeli, maana simu zinapotea na kufukiwa, lakini hapo unahitaji ushahidi zaidi. Picha zake zipitishe Google Lens uone kama zimewahi kutokea kwingine, Syria kwa mfano. Kisha muandikie shemeji peke yake, umuulize mambo ambayo tayari unayajua kwa mama. Majibu yakilingana bila wao kujua umemuuliza nani nini, hapo kuna kitu.

Jambo moja nakuomba: usimwambie awapige picha watoto wameshika karatasi yenye jina la kikundi chenu. Wapo wanaofanya hivyo. Mtu ana njaa, tusimfanye na ombaomba wa kamera.

Karani_Kariakoo (Dar)

Mimi nitazungumzia fedha tu, maana hapo watu wengi hawaangalii.

640,000 ni kama dola 250. Tuseme zimefika salama kwenye akaunti ya benki ya huyo mama. Hadi kiangazi cha 2025 benki za Gaza zilikuwa zimefungwa au kubomolewa, mashine za fedha hazikufanya kazi, na noti mpya hazikuwa zikiingia tangu vita vianze. Ili apate fedha mkononi anakwenda kwa mtu mwenye noti, anamrushia kwa simu, na yule anakata chake. Kiangazi hicho makato yalifika asilimia 40. Dola 100 zinaishia hapo, anabaki na 150 za kununulia vitu ambavyo bei yake imepanda mara nyingi kuliko kabla ya vita.

Sikwambii usitume. Nakwambia umuulize kwanza kama ana pochi ya simu na kama kuna muuzaji karibu yake anayepokea malipo kwa programu. Ni kama M-Pesa yetu tu. Bei ya kulipa kwa programu mara nyingi ni ya juu kuliko ya taslimu, lakini bado inaweza kuwa nafuu kuliko kukatwa asilimia 40. UNICEF nao wamekuwa wakizipa familia fedha kwa njia hiyo hiyo ya pochi ya simu, kwa hiyo si jambo geni kule. Yeye anajua hesabu ya sokoni kwao kuliko sisi. Muulize, atakuambia.

Mlimaji_wa_Same

Bila kumkwaza mtu. Hapa kwetu kuna watoto wanakwenda shule na njaa. Na tusisahau vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kusomea kilimo wakauawa tarehe 7 Oktoba 2023. Mmoja mwili wake ulichukuliwa ukapelekwa Gaza. Nani aliwachangia wazazi wao?

BintiMakorora

Kaka, hukunikwaza. Wale vijana tuliwalilia, na mmoja wetu kwenye kikoba ni mtu wa Kilimanjaro, alikwenda msibani. Nilipomsomea ulichoandika akasema yeye ndiye aliyetoa 30,000, na alitoa akimfikiria yule mama wa Kitanzania aliyekuwa akisubiri mwili wa mwanawe. Watu wapatao 1,200 waliuawa siku ile, na makumi ya maelfu wameuawa Gaza tangu hapo, watoto kwa maelfu. Sioni kwamba nikimlisha mtoto wa Deir al-Balah nimemsaliti mtu wa Same. Na chakula cha shule hapa mtaani kwetu tunachangia pia, kila muhula.

Mwana_wa_Goma

Ndugu zangu, mimi nitasema kama mtu aliyepokea, si aliyetoa.

Familia yangu tulikaa kambi ya Bulengo, nje ya mji wa Goma, hadi mapema mwaka 2025 kambi zilipofungwa. Nilikuwa na shitingi moja, turubai la plastiki, watu saba chini yake. Shangazi yangu aliye Ubelgiji alikuwa anatuma dola 50 kwa simu. Na shirika lilikuwa linaleta maji kwa lori. Mkiniuliza kipi kilinisaidia zaidi, siwezi kuchagua. Bila lori la maji tungekufa na kipindupindu wote, na hakuna shangazi anayeweza kutuma lori. Lakini zile 50 ndizo zilinunua dawa ya mtoto siku ambayo foleni ya zahanati ilikuwa ndefu mno, na ndizo zilinifanya nijisikie bado ninaye mtu anayejua jina langu.

Kwa hiyo dada wa Tanga, usiweke hayo mawili yagombane. Na hata kama mtatuma kidogo, endelea kumjibu huyo mama. Kambini, siku simu hailii kabisa ndiyo siku mbaya.

Na mkimaliza Gaza, mtukumbuke na sisi. Nasema kwa upendo.

Muuguzi_Muscat

Assalaam alaykum. Ndugu wa Goma, Mungu awape makazi.

Mimi niko Oman mwaka wa tisa. Huku kukusanya michango bila kibali ni kosa, kwa hiyo sisi tunatoa kupitia Shirika la Misaada la Oman na mengine yaliyosajiliwa. Kwa mlio nyumbani, UNRWA (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina), UNICEF na Shirika la Mpango wa Chakula, WFP, wote wanapokea kwa kadi kwenye tovuti zao, hata kadi ya Visa ya mtandaoni unayoitengeneza ndani ya M-Pesa. Hilali Nyekundu ya Palestina nao wapo, ndio wenye magari ya wagonjwa. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, usibofye kiungo ulichotumiwa na mtu WhatsApp. Nimeona kurasa zinazofanana na zao herufi kwa herufi.

Watu wananiambia, mashirika hayafanyi kitu, malori yamezuiwa mpakani. Kweli yalizuiwa. Kuanzia tarehe 2 Machi 2025 Israeli ilifunga njia zote kwa zaidi ya wiki kumi na moja, na hata baada ya hapo mizigo ya UNRWA iliendelea kukwama Misri na Jordan. Lakini UNRWA haikuanza jana, iko tangu 1950, na watumishi wake zaidi ya 10,000 ni wakazi wa Gaza wenyewe. Zaidi ya 300 wameuawa, na waliobaki bado wanafungua zahanati asubuhi wakitokea kwenye mahema yao.

Mimi ni muuguzi, nitawapa mfano ninaouelewa. Agosti 2024 alipatikana mtoto wa miezi kumi ana polio, tena huko huko Deir al-Balah, mgonjwa wa kwanza Gaza kwa miaka 25. Mwezi uliofuata, vita vikiendelea, walichanja watoto zaidi ya 550,000. Chanjo inataka baridi kutoka kiwandani hadi mdomoni kwa mtoto, na kule umeme hakuna. Nani kati yetu angetuma hilo kwa GoFundMe?

Mwana_Kisauni

Nijibu na lile swali la picha. Mei 2024, baada ya mahema kuungua Tal al-Sultan huko Rafah, kusini mwa Gaza, ile picha ya "macho yote Rafah" iliyotengenezwa kwa akili mnemba ilisambazwa zaidi ya mara milioni 40. Mimi pia niliisambaza. Ndani yake hakuna mtu hata mmoja, hakuna moshi, ni mahema yaliyopangwa kama sabuni dukani. Ilionyesha tuko wengi, na watu wa kule wengine walisema iliwapa moyo. Lakini kabla yake, Oktoba 2023, mawasiliano ya Gaza yalipokatwa, mwandishi wa Misri Mirna El Helbawi alianza kuomba watu wanunue eSIM, yaani laini ya simu isiyo na kadi, na kumtumia ule mchoro wa kuskani. Watu wakapanda juu ya mapaa kutafuta mtandao wa nchi jirani na wakaweza kuita ambulensi na kusema wako hai. Hiyo ndiyo tofauti: picha ilitia moyo, laini ya simu ilimfikia mtu. Dada yangu, kama unasambaza, sambaza sauti na maandishi ya mtu mwenyewe aliyeyaruhusu, na uandike tarehe na mahali.

BintiMakorora

Asanteni sana wote. Natoa mrejesho baada ya wiki mbili.

Shemeji alijibu. Nilimuuliza jina la shule aliyokuwa akifundisha huyo mama kabla ya vita na jina la mtoto wa tatu, akataja yote mawili bila kusita, na harusi ya mwaka 2016 niliiona kwenye akaunti yake mwenyewe, shemeji yumo amevaa suti ya bluu. Kaka yangu kakaa nami tukazipitisha picha zote. Amenyamaza, kisha akaongeza 10,000.

Jumamosi tulikaa tukapiga kura. 400,000 zimekwenda UNICEF kwa kadi ya mwenyekiti, risiti tumeichapisha na kuibandika kwenye daftari ili yule bibi wa 1,500 aione. 250,000 zimekwenda kwa mama. Kuhusu noti, alituambia tusihangaike: kuna muuza dengu na mboga jirani na hema lao anapokea kwa programu. Alinunua dengu, sabuni, na nepi za mtoto wa mwisho kwa moja moja, maana pakiti nzima haiuziki tena.

Na ndugu wa Goma, mwezi wa Novemba tunachanga tena. Niandikie faraghani.

Jana usiku mama aliomba nimtumie majina ya wanawake wote 22. Nikamwandikia. Alfajiri nikakuta sauti yake, anayasoma moja moja taratibu, Mwanahawa, Grace, Zuhura, Mwanaidi, na zanana inanguruma nyuma. La Mwanahawa amelirudia mara tatu hadi akalipata.