Naomba ushauri: mchumba wangu kanijibu "Fine." tu, hapo kakubali au kakataa?

Tausi_M (mleta mada)
Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa zangu. Naomba anayekijua Kiingereza vizuri anisaidie maana leo ni usiku wa tatu silali. Mimi na mchumba wangu tunaongea Kiingereza, ndiyo lugha ya mama yake, Kiswahili chake ni salamu na "nakupenda" basi. Jana usiku nilimtumia meseji ndefu ya mambo yetu ya kawaida tu, akakaa kimya kama masaa mawili halafu akajibu neno moja, Fine. Hivyo hivyo, na nukta mwishoni. Shuleni mimi nilifundishwa "I am fine" ni mzima sina neno, lakini hii roho yangu inaikataa. Nimefungua kamusi nikakuta maana zimejaa ukurasa, mara nzuri, mara nyembamba, mara adhabu, nikazidi kuchanganyikiwa. Kwa mwenye lugha yake hilo neno analisema akiwa na maana gani? Matusi sitaki jamani, nina mawazo.

Mpita_Njia
Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi waje.

Nyuki77
Dada umepigwa faini hiyo, kalipe upewe risiti 😀

KamusiHai
Nyuki ametania ila kagusa penyewe. "Faini" yetu ndiyo hiyo hiyo "fine", tumeichukua kwa Waingereza tukabeba maana moja tu ya adhabu, zile nyingine tukawaachia wenyewe. Na zote zina babu mmoja, neno la Kilatini finis, yaani mwisho au mpaka. Faini ni pesa unayolipa ili shauri liishe. Kitu kilichofikishwa mwisho wa ubora wake ndiyo kikawa "fine", kizuri, safi, kisichochanganywa, na ndiyo maana masonara wanapima usafi wa dhahabu kwa kipimo chenye jina hilo, dhahabu ya karati 18 ina usafi wa 750 katika 1000. Kutoka kwenye usafi neno likahamia kwenye kitu kilichosagwa au kuchongwa mpaka kikawa laini, chembamba. Wanamuziki nao wanalo, mwisho wa wimbo kwenye karatasi ya nota kunaandikwa Fine, ila hilo ni la Kiitaliano na linasomwa fi-ne, maana yake ishia hapa. Kwa hiyo Tausi kamusi haijakudanganya, tatizo ni kwamba neno hili likisimama peke yake halisomeki.

FundiUashi
Hapo kwenye ulaini umenikumbusha mbali mkuu. Nikiwa kibarua msimamizi wetu aliniagiza "fine sand", mimi kichwani fine ni nzuri, nikashusha mchanga mzuri kweli, msafi, unang'aa, ila chenga zake kubwa. Ulikuwa wa kupiga plasta. Akaukataa wote, nikashinda siku nzima naurudisha kwa toroli na jua lile. Baadaye ndiyo nikajifunza kwamba kwenye zege mchanga wenyewe wanauita hivyo kuutofautisha na kokoto, ule unaopita kwenye chekeche ya milimita 4.75. Tangu siku ile mtu akiniambia fine namuuliza fine ya nini.

Bi_Subira
Tausi mwanangu pole. Sisi zamani jambo zito hatukulituma kwa karatasi, mtu alikaa mkekani mkaangaliana usoni. Nyie vijana ndoa mnaijenga kwa vidole gumba halafu mnashangaa ikitikisika. Hebu niambie, kwenye hiyo meseji ndefu uliandika nini?

Tausi_M
Asanteni wote. Mama, ni mambo ya kawaida tu, tutakapoishi baada ya harusi na vitu kama hivyo. Mimi nilitaka kujua lugha tu.

KamusiHai
Lugha haikupi jibu bila swali dada yangu. Nikikuuliza tukutane Jumanne ukajibu "fine", umekubali. Nikikukaribisha kinywaji ukajibu "I'm fine", umekataa, maana yake sihitaji asante. Neno lile lile, moja ndiyo, jingine hapana, na wageni wengi wa hiyo lugha wanaanguka hapo, mtu anaambiwa hapana yeye anaendelea kumimina. Tena kuna ile ya kubishana, mmevutana mpaka mmoja kachoka anasema "fine!", hapo hajakubali, ameacha kugombana tu. Sasa yako iko wapi kati ya hizo? Uliuliza nini?

Kalamu_Nyekundu
Na ile nukta msiidharau. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton kule Marekani waliwapa wanafunzi 126 meseji wazisome, jibu la neno moja likiwa na nukta mwishoni walilisikia kama halijatoka moyoni kuliko lile lisilo na nukta. Lakini jibu hilo hilo likiandikwa kwa mkono kwenye karatasi tofauti hiyo haikuonekana. Ila kuna watu, mimi mmoja wao, nukta tunaweka hata kwenye "asante." kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Huyo wako ana kawaida ya kuweka?

Tausi_M
Haweki. Ndiyo maana sijalala.

Haya ngoja niseme. Nilimwambia kwamba tukishaoana mama yangu atahamia kwetu. Na kabla hamjanishambulia, mama yuko peke yake, baba alishatangulia mbele za haki, mimi ndiye mtoto pekee, magoti yanamsumbua na ngazi hawezi. Mlitaka nimwache na nani? Chumba tayari nimeshakipanga, kitanda cha mama nimenunua, na mwenye nyumba anapoishi nimeshamwambia tunaondoka mwisho wa mwezi. Sikuona ni jambo la kujadili, mama ni mama. Ndiyo maana niliuliza neno tu.

Nyuki77
Dada!! Yaani kitanda kimeshanunuliwa ndiyo unatuuliza tafsiri?

Bi_Subira
Nyuki usimcheke. Mimi namuunga mkono asilimia mia. Mkwe wangu wa kiume nimekaa naye miaka kumi na moja na hatujawahi kurushiana neno, siku za mwanzo alikuwa ananikwepa hata sebuleni, leo akichelewa kurudi mimi ndiye nakaa macho. Mwanamume atakayekataa mama wa mkewe huyo hata wewe atakuchoka.

FundiUashi
Mama Subira kwa heshima yote, ulimuuliza mkweo kabla ya kuhamia au ulifika na mizigo?

Bi_Subira
Nilialikwa. Yeye mwenyewe alikuja kunichukua.

Kipanga
Wakuu samahani naharibu sherehe, hii ni chai. Nimesoma kuanzia juu. Meseji katuma jana usiku lakini leo ni usiku wa tatu hajalala, hesabu hiyo inatoka wapi? Mambo ya kawaida yamegeuka kuwa mama mzazi na kitanda. Halafu mtu amechanganyikiwa na ndoa lakini ana utulivu wa kutuorodheshea maana za kamusi kwa mpangilio, nzuri, nyembamba, adhabu. Mimi naona ni mwalimu wa Kiingereza anatafuta mifano ya kufundishia, na mmempa bure. Masaa mawili ya kimya ndiyo yaliyonishtua zaidi, mtu anaambiwa mama mkwe anahamia halafu haulizi hata swali moja?

Mpita_Njia
Duh. Hata mimi hapo kwenye kimya niliguna.

Nyuki77
Kama ni mwalimu basi nimeshafaulu, nipewe cheti.

KamusiHai
Hata ikiwa chai mimi muda wangu haujapotea, neno hili nalipenda. Lakini swali la mwisho la Kipanga ni la msingi. Tausi, kweli hakuuliza chochote?

Tausi_M
Nimelia niliposoma hapo. Mimi sio mwalimu wa chochote. Usiku wa kwanza ni ule niliokesha naiandika hiyo meseji, nafuta naandika, kesho yake ndiyo nikaituma. Na kamusi niliifungua kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza.

Ila Kipanga upo sawa kwenye kimoja. Hakukaa kimya moja kwa moja. Baada ya dakika chache aliniandikia, kwa Kiswahili ni kama, "Hapa unaniuliza au unanitaarifu?" Mimi nikaogopa. Nikamjibu "It's fine, don't worry", nikimaanisha usijali, ni jambo dogo, hakuna shida. Halafu ndiyo akakaa masaa mawili. Halafu ndiyo ikaja ile Fine. Sikuwaambia kwa sababu niliona haihusiani, mimi nilikuwa namtuliza tu.

Kalamu_Nyekundu
Inahusiana mno.

KamusiHai
Basi neno hilo limetoka kwako likakurudia. Ukiwa unamwambia mtu "it's fine" baada ya yeye kukanyaga mguu wako, unampa pole, unamwondolea wasiwasi. Lakini yeye ameuliza swali lenye majibu mawili, ndiyo nakuuliza au hapana nakutaarifu, wewe ukampa jibu la tatu linalosikika kama usiulize. Naye akakuandikia lile lile, akaondoa maneno mengine yote, akaweka nukta. Mimi siwezi kuapa ni hasira. Linaweza kuwa "sawa nimeelewa, umeshaamua".

Wakili_wa_Kona
Nimekaa kimya ila hapa naingia, niliwahi kusoma sheria. Mahakama za Uingereza zamani zilikuwa na kitu kinaitwa "fine" ambacho si adhabu, ni mapatano ya mwisho juu ya ardhi kati ya pande mbili. Tangu 1195 waliyaandika mara tatu kwenye ngozi moja kisha wanaikata, kipande kimoja kwa huyu, kimoja kwa yule, na kile cha chini kinabaki mahakamani ili baadaye asitokee mtu kusema hakuambiwa. Utaratibu huo ulidumu mpaka 1833. Wewe dada umeandika kipande kimoja, umekikabidhi kwa mwenye nyumba na muuza kitanda, na mchumba wako kaletewa habari.

Tausi_M
Mnanionea. Ningemuuliza kisha akakataa ningefanyaje? Mama sitamwacha, hata mkinisema mpaka asubuhi.

FundiUashi
Hakuna aliyekwambia umwache. Akikataa utajua umekataliwa na mtu, sasa hivi unapigana na neno.

Kipanga
Nafuta kauli ya chai. Samahani dada. Mimi kwetu mama yangu alikaa na sisi mwaka mmoja akaomba mwenyewe kurudi kwake, alisema anasikia kama mgeni anayesubiri kuagwa. Mpigie huyo mtu. Usiandike.

Bi_Subira
Na usianze na kitanda.

Tausi_M
Nimerudi. Nimempigia, tumeongea karibu saa nzima. Hakuwa na hasira, amesema aliumia kwa sababu aliona nimefunga mlango kabla hajaingia, ndipo akajibu vile. KamusiHai ulikuwa karibu sana. Sijui kama atakubali, hajasema ndiyo wala hapana, ameomba tukae tuongee ana kwa ana, sote watatu na mama. Halafu akaniuliza swali moja nikakosa la kujibu: mama mwenyewe alisemaje ulipomwambia?

Nikakumbuka mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho, akaniambia "Sawa." Basi, hilo tu. Mimi nikatoka nikaenda kununua kitanda.

Naenda kwake sasa hivi, mrejesho nitaleta.