Usanifu majengo mwaka wa 3, natafuta ofisi ya kwanza. Niko Kigoma kwa likizo, nianzie wapi?

Wakuu, shikamooni. Nasoma Chuo Kikuu Ardhi, mwaka wa tatu kati ya mitano. Nataka chuo kikifungua niwe nimepata ofisi ya kunishika mkono, hata siku mbili kwa wiki. Nimeandikia ofisi tisa za Dar, zimejibu mbili. Moja inataka niende na laptop yangu nichore miezi mitatu bila hata nauli. Mwaka jana nilikubali hivyohivyo, nikaishia kutoa fotokopi na kufuata chai. Iliniuma. Kazi zangu ni za darasani: maktaba, makumbusho, picha za kompyuta zinazong'aa. Nakosea wapi?

Mchora Mikato:
Mdogo wangu, barua kama zako nazipokea mimi. Picha za kung'aa kila mwanafunzi anazo. Mimi natafuta mkato mmoja wa 1:20, yaani mchoro wa nyumba kama imepasuliwa katikati, sentimita moja ya karatasi ikiwa ishirini za nyumba, kuanzia msingi hadi bati: lenta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) imekaa wapi, kenchi (mbao zinazobeba paa) imefungwaje, maji ya mvua yanaangukia wapi. Mwenye mkato huo namwita haraka, maana Jumatatu naweza kumpa kazi. Na wewe uko Kigoma, mji wa vilima! Chukua tepu, pima nyumba moja iliyokaa kwenye mteremko, ichore yote. Kwenye barua, kurasa kumi za kazi zako zinatosha. Faili likiwa zito halifunguliwi.

Mwana Ujiji:
Ukiimaliza hiyo, ipo stesheni yetu ya Wajerumani, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika hapa 1914. Mimi kila nikipita pale husimama kuitazama. Ila nenda kwanza kwa mkuu wa stesheni na barua ya chuo, usianze kupima kienyeji.

Dada wa Saiti:
Kuhusu malipo, mdogo wangu, usione haya. Omba nauli na chakula, iandikwe. Halafu uliza: nani atakagua michoro yangu? Wakikosa jibu, hapo utarudi kwenye fotokopi. Jingine, watu wa mtaani watakuomba ramani za kibali cha ujenzi kwa vile unasoma. Mhuri ni wa msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya usajili wa wasanifu majengo, usijiingize. Asubuhi ukipata nafasi shinda saiti na mafundi. Siku ya kumwaga jamvi, zege la sakafu, utajifunza mengi.

Mleta uzi:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana nimepima nyumba ya shangazi huku Katubuka, yeye mwenyewe akinishikia ncha ya tepu. Nyuma msingi una kozi (mistari ya tofali) tatu, mbele kumi na moja! Nimekulia humo na sikuwahi kuhesabu. Tatizo, dirisha la jikoni halina lenta, na pembeni kuna ufa unapanda mshazari hadi karibu na kenchi. Niuchore au niuache? Naogopa mchoro utaonekana mbaya.

Mchora Mikato:
Uchore ulivyo, na upana wake uandike. Karatasi ya pili weka namna utakavyoirekebisha, bila kumbomolea shangazi jiko lote. Hiyo ya pili ndiyo utakayoulizwa. Ukimaliza nitumie kwa ujumbe wa faragha, nitaikagua. Na shangazi mwambie asitundike kitu kizito ukuta ule.