Naomba ushauri: kulanti inapungua, chini pakavu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mafundi na wenye gari za zamani.

Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, gia oto. Kila baada ya siku chache kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye chupa ya akiba inashuka chini ya alama. Asubuhi sioni tone hata moja sakafuni. Ila nikitoka kwenye foleni ya Ubungo na AC imewaka, inanuka ile harufu tamutamu, na pale tangi la plastiki la juu linapobanwa na aluminiamu ya rejeta pana ukungu mweupe uliokauka. Geji ya joto haijawahi kuvuka nusu.

Nimebadilisha mfuniko wa rejeta na kukaza klipu za mipira. Dalili za kuvujia ndani ya injini au ndani ya gari sioni: oili haijawa kama maziwa, moshi mweupe hakuna, kapeti ya mbele kavu. Fundi mmoja anasema ni wota pampu (inayozungusha kulanti), mwingine anataka kumwaga dawa ya kuziba ndani ya rejeta. Hiyo dawa siitaki, inaweza kuziba na vijitundu visivyohusika.

Maswali yangu ni mawili. Nani hapa Dar anapima rejeta kwa pampu ya presha kabla ya kuanza kufungua vitu? Na kama ni hilo ungio la tangi la plastiki na aluminiamu, kubadilisha raba yake na kulibana upya kunadumu, au niende tu Gerezani nikatafute rejeta nyingine? Iwe mpya au ya mtumba?