Baipasi ya mguu kwa mwenye kisukari: familia iambiwe nini?

MuuguziVidonda:
Habari wakuu. Mgonjwa wa kisukari ana kidonda cha kisigino, wiki ya 10 sasa hakifungi. Presha ya kifundo cha mguu ikigawanywa kwa ya mkono inatoa 1.35, kwa hiyo kuna wanaosema damu inafika vizuri. Daktari wa mishipa anasema ateri zote tatu chini ya goti zimeziba, anataka baipasi (njia mpya ya damu inayopita palipoziba, kwa kawaida kwa vena ya mgonjwa mwenyewe) mpaka ateri ya juu ya unyayo. Familia inauliza itadumu miaka mingapi, na kwa nini asizibuliwe tu kwa puto linaloingizwa ndani ya ateri. Naomba majibu yenye takwimu.

Mpasuaji_Mishipa:
Dada, hiyo 1.35 isiwadanganye. Kisukari cha miaka mingi hujaza chokaa kwenye kuta za ateri za muundi. Mkanda wa presha ukijazwa upepo ateri hazibonyei, basi namba inapanda wakati damu ni kidogo. Pimeni presha ya kidole gumba, maana ateri za vidole mara nyingi husalimika na chokaa. Ikiwa chini ya 30 mmHg, kusafisha na kufunga bandeji pekee hakutaponya kidonda hicho.

Kuhusu kudumu, familia inachanganya maswali matatu: mshipa wa baipasi utabaki wazi? mguu utabaki? mgonjwa mwenyewe atakuwepo? Mwaka 2003 madaktari wa Boston walichapisha matokeo ya baipasi zaidi ya 1,000 za aina hiyohiyo, zinazoishia juu ya unyayo, na wagonjwa 9 kati ya 10 walikuwa na kisukari. Baada ya miaka 5, mishipa iliyokuwa wazi, pamoja na iliyorekebishwa, ni asilimia 63 hivi. Miguu iliyookolewa ni 78. Waliokuwa hai ni 49. Miguu imezidi mishipa kwa sababu kidonda kinachojijenga kinadai damu nyingi kuliko ngozi iliyokwisha kufunga; mshipa ukiziba mwaka wa tatu, mguu uliopona mara nyingi unahimili. Hiyo 49 ndiyo inayoniuma zaidi. Wengi wa wanaofariki huondolewa na moyo, kwa hiyo aspirini na statini (dawa ya kolesteroli) hazisimamishwi kwa kuwa kidonda kimefunga.

Dopla_Kila_Siku:
Kwenye puto wataalamu bado wanabishana, na familia iambiwe hivyo. Utafiti wa BEST-CLI (2022) ulionyesha kwamba wenye vena nzuri ya paja, kipande kimoja kizima, walipata kifo au tatizo kubwa la mguu kwa asilimia 42.6 wakifanyiwa baipasi, 57.4 wakianza na puto. Kwa wasio na vena nzuri, tofauti kati ya njia hizo mbili haikuwa ya maana kitakwimu. Kisha BASIL-2 (2023), wa ateri za chini ya goti, ukaja kinyume: kukatwa mguu au kufa kulikuwa asilimia 63 kwa baipasi ya vena na 53 kwa puto, tofauti ikitokana hasa na vifo.

Mimi naanzia kwenye vena. Ipimwe kwa ultrasaundi chumba kikiwa na joto na mguu ukining'inia, vinginevyo inaonekana nyembamba kuliko ilivyo. Iwe na upana wa angalau milimita 3 kutoka kinena hadi chini, isiwe na makovu. Isipofaa, tazameni mguu wa pili na mikono. Bomba la plastiki kufika unyayoni huziba mapema, na karibu na usaha ni hatari. Ninyi wauguzi mnaweza kusaidia hapa: msiweke dripu kwenye kifundo cha mguu wowote, ile ndiyo vena yenyewe.

MuuguziVidonda:
Nashukuru sana. Ila kisigino hulishwa na ateri za nyuma. Baipasi ya juu ya unyayo itakifikia?

Mpasuaji_Mishipa:
Itakifikia ikiwa tao la ateri za unyayo, linalounganisha za mbele na za nyuma, linaonekana wazi kwenye anjiografia (picha ya ateri). Likiwa limekatika, mwulizeni daktari kama kuna ateri ya nyuma inayoweza kupokea.

Usaha ukiwepo, utolewe kwanza, dawa zifanye kazi siku chache, ndipo baipasi. Kama anatumia dawa za kisukari dapaglifozini au empaglifozini, isimame siku 3 kabla ya upasuaji. Sukari ishikiliwe kati ya 7.8 na 10 mmol/L.

Baipasi ikiziba ndani ya siku 30, mara nyingi kosa ni la ufundi: mshipa umejikunja, au vali ya vena imeachwa ndani. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi miaka 2 ukuta wa ndani hunenepa kimyakimya, bila maumivu, na mapigo yakiwa bado yapo. Ndiyo maana dopla (ultrasaundi ya kupima mwendo wa damu) inafanywa mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka. Kasi ya damu ikizidi sm 300 kwa sekunde mahali pamoja, au ikiwa chini ya 45 katikati ya mshipa, mpelekeni wiki hiyohiyo, kwa sababu kurekebisha kabla ya damu kuganda ni rahisi zaidi.

Mguu kuvimba wiki kadhaa ni kawaida. Unyanyueni kwa mto chini ya shavu la mguu, kisigino kikae hewani kabisa.